Boti Iko Kivinje, Muuzaji Yuko Dar

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mbagala Rangi Tatu. Nimesimama mlangoni mwa basi la Kilwa na kopo la biskuti mkononi. Konda analipokea, analitikisa karibu na sikio.

"Dawa?"

"Impela."

"Ndo nini?"

Nikamweleza kuwa ni kipande cha mpira chenye mapezi, kinakaa ndani ya pampu ya mashine ya boti, hakizidi sana mdomo wa kikombe cha kahawa, na kwamba Nangurukuru kuna mzee mwenye kofia ya kiua atakuwa anakisubiri. Hakunisikiliza hadi mwisho. Alilisukuma kopo chini ya kiti cha dereva, kati ya boksi la vifaranga na mfuko wa viatu vya shule, akapokea hela yake, akapiga bodi la basi mara mbili. Wakaondoka.

Basi halijafika hata Kongowe, simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Limeondoka?"

"Limeondoka."

Akanyamaza. Nilisikia jogoo upande wake, na mtu akichota maji. Kisha:

"Yule nduguyo wa Somanga anataka kununua boti mpya. Kuna mtu wa Kilwa Masoko amemwita, na kuna hao wenu wa Dar. Ananiuliza mimi. Nimjibu nini?"

Mjomba wangu alianza kuvua kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia akiomba ushauri wa jambo lolote lenye maji. Nikajua kuwa swali si la ndugu yangu wa Somanga peke yake.

Nikasema nitampigia.

Leo ni wiki ya tano. Tunaongea karibu kila siku, bei ya nguru, ada za watoto, nani kafiwa, lakini hilo tunalizunguka kama mwamba ambao kila nahodha anajua ulipo.

## Ninyi mmesoma

Mashua ya mjomba ilikuwa imechoka. Ilikalafatiwa mara nyingi hata mwenyewe aliacha kuhesabu, na mwaka wa mwisho ilikuwa inakunywa maji kiasi kwamba kijana mmoja kazi yake ilikuwa kukumba tu. Wakati huohuo gumzo la pwani nzima lilikuwa boti za faiba. Serikali inatoa boti kwa mkopo usio na riba, na kila kijiwe kina mtaalamu wa faiba ambaye hajawahi hata kuiegemea. Sisi mkopo hatukutaka. Tulikuwa na akiba ya mjomba, ya wanawe wawili, na yangu mimi niliyekaa Dar nikifanya kazi ya mezani.

Wauzaji walikuwa wawili.

Wa kwanza yuko Kilwa Masoko, kilomita kama 30 kutoka kwetu Kivinje. Duka la nyavu na kamba na maboya, nje boti moja ya faiba imekalishwa juu ya matairi, na mwenyewe kwenye benchi akinywa kahawa. Wa pili yuko pembezoni mwa Dar, kilomita kama 300. Karakana ya maana hiyo: kalibu nne, vijana wenye barakoa, harufu ya rezini, ile gundi ya faiba, inayokupata ukiwa bado barabarani. Boti ya mita 7 pamoja na mashine, bei ya Dar ilikuwa chini kwa milioni moja na laki mbili.

Mjomba alisema neno moja tu: "Wa Masoko nyumbani kwake napajua."

Nilicheka. Nasikitika kuandika hivyo, lakini nilicheka. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikawaonyesha: milioni moja na laki mbili ni vipande kadhaa vya nyavu za jarife, ni mafuta ya safari nyingi, ni nauli ya kwenda na kurudi Dar mara nyingi kuliko boti itakavyoharibika. Binamu zangu wakanielemea. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika usukani wa maneno, nikaongeza na langu: tusichukue mashine ya hospawa 15 kama wengine, tuchukue 40, tufike mapema, turudi mapema.

Mjomba akatutazama mmoja mmoja.

"Sawa. Ninyi mmesoma."

Kwa mtu wa kwetu, hiyo si sifa.

## Aliyefundishwa ni mimi

Siku ya kukabidhiwa nilikwenda peke yangu, maana malipo nilikuwa nayo mimi. Fundi wa karakana, kijana mpole tu, akanizungusha kwenye boti kwa dakika kumi hivi. Akanionyesha kizibo cha chini cha kutolea maji. Akanieleza mchanganyiko: lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini saa 10 za mwanzo oili huzidishwa mara mbili na mashine haikimbizwi. Akagonga ubao wa nyuma, pale mashine inapofungwa, akasema maneno ambayo nitayarudia mbele. Mimi nikawa naitikia, "sawa, sawa," huku napiga picha za kuweka kwenye stetasi.

Sijawahi kushika mkono wa mashine maishani mwangu. Ninatapika nikivuka Kigamboni kwa pantoni.

Kesho yake mjomba na wanawe walikuja kwa basi, wakaondoka kwa bahari. Ilikuwa Januari 2024, kaskazi imetulia vizuri, inawasukuma mgongoni. Walilala Kisiju, wakapita nje ya mdomo wa Rufiji, na siku ya pili jioni mjomba akapiga simu kutoka Kivinje. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye umri wangu. "Mjomba, hii inaruka!"

Nilikuwa na furaha kwa kama wiki tatu.

Kuna jambo mjomba alilisema siku ile ambalo sikulishika. Alisema kuja nayo Dar tena kwa shida yoyote ni kazi ya kusi, si ya kaskazi. Manahodha wa zamani hawakuhesabu kilomita. Dar ipo karibu kusi inapovuma, na kaskazi ikishika Dar inakuwa mbali, hata kama ramani haijasogea hata kidole kimoja. Mimi kikokotoo changu hakikuwa na kitufe cha pepo.

## Haikojoi

Giza la Februari. Kwa asiyevua: jarife hutegwa usiku, na usiku wa kazi ni ule usio na mbalamwezi, maana nyavu samaki hawaioni. Kwa hiyo mvuvi hana mwezi wa siku 30. Ana giza, na giza likipita limepita.

Usiku wa pili wa giza hilo mashine iliacha kukojoa. Ndivyo wanavyosema. Ule mrija mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine inapofanya kazi, ukikatika, pampu haivuti maji, na mashine inajichemsha yenyewe. Binamu yangu mkubwa alikuwa na akili, akazima papo hapo. Wakarudi kwa tanga la dharura, turubai lililofungwa kwenye pondo.

Impela ilikuwa imelika. Kivinje maji yakitoka bahari inakwenda mbali kabisa, inabaki tope na mchanga laini, na kila unapotoka au kuingia na maji machache pampu inakunywa uchafu ule. Mashine haikuwa na kosa. Wavuvi wote wa pale wanalijua hilo, na kila mmoja ana impela ya ziada ndani ya kibuyu au soksi au mfuko wa nailoni.

Basi si tungeazima?

Binamu alipita ufukweni kuhesabu. Mashine 11. Zote za aina moja na yetu, maana pwani hii Yamaha ndiyo imetawala. Zote hospawa 15.

Yetu peke yake ya 40.

Impela ya 15 haiingii kwenye 40. Duka la karibu kuliko yote duniani, lile lililomo ndani ya mashine ya jirani yako, nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe kwa kutaka tufike mapema. Nikazunguka maduka ya spea ya Gerezani, huku Dar, kutwa nzima, nikapata, nikaituma. Ikafika. Fundi alipofungua mguu wa mashine, kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoishikilia impela kwenye shafti kikadondoka kwenye tope, na tope la Kivinje halirudishi kitu. Nikaenda Gerezani tena.

Usiku sita.

Nilijitetea kwamba hata wa Masoko asingekuwa nayo. Mjomba hakubisha. Alisema tu, "Labda," na neno hilo likakaa.

## Picha

Katikati ya Aprili binamu mdogo alinitumia picha tatu. Ufa kwenye ubao wa nyuma, ndani ya boti, mwembamba kama unywele, urefu wa shubiri. Nikazituma kwa muuzaji. Alijibu ndani ya saa moja, na hilo lazima niliseme kwa haki yake, huyu bwana hajawahi kuzima simu. Akasema ni rangi ya juu tu iliyopasuka, jelikoti, hutokea kwa boti mpya zikianza kufanya kazi, msiwe na wasiwasi.

Nami nilivyoitazama ile picha, niliona hivyo hivyo. Nikawaambia msiwe na wasiwasi.

Wiki mbili baadaye binamu mkubwa akaniambia neno lililonikosesha usingizi. "Kaka, ubao unapumua." Yaani ukiongeza moto mashine inasogea kidogo kwenda nyuma, ukipunguza inarudi, kama kifua.

Nikapiga Dar. Dar wakasema tuma picha.

Mjomba akapiga Masoko.

Yule mwenye duka, ambaye hatukununua kwake hata ndoana, alikuja siku hiyo hiyo kwa bodaboda. Sikuwepo, nilisimuliwa na watu watatu na wote walisimulia kitu kimoja. Hakuangalia ufa. Alitoa funguo za nyumba mfukoni, akaanza kugonga ubao kwa kichwa cha ufunguo, taratibu, kuanzia kulia: ko, ko, ko, ko. Sauti kavu. Alipofika katikati, sauti ikabadilika. Pu. Pu. Akarudi nyuma shubiri moja: ko. Akaenda mbele: pu. Akachora duara kwa mkaa.

"Hapa ndani mbao imeoza," akasema. "Maji yameingia. Mnaingizia wapi maji?"

Hakuna aliyejibu. Akainama, akaona matundu mawili chini ya mashine, ya unene wa kidole, yamepitishwa mnyororo na kufuli.

Wezi wa mashine hawajaanza leo. Binamu yangu alikuwa amefanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: alitoboa ubao akapitisha mnyororo. Kwenye mashua ya mbao ungetoboa, mbao ingevimba kidogo, ukapaka sifa, yale mafuta ya papa, maisha yakaendelea. Faiba si hivyo. Ni maganda mawili ya faiba na katikati plaiwudi. Ukitoboa bila kuziba kwa rezini, umefungua bomba. Kila wimbi linalogonga nyuma linamnywesha plaiwudi, na ganda la juu linaendelea kung'aa kana kwamba hakuna kitu.

Ile picha niliyoitazama Dar ilikuwa safi, ina mwanga mzuri. Haikuwa na pu.

## Ndoo iliyolala njiani

Sasa nikawa na hasira ya kutengeneza. Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 nilinunua ndoo ya rezini, hadina yake ya kuigandisha, na mita kadhaa za mati, kile kitambaa cha nyuzi za faiba, nikapakia kwenye Fuso la mizigo. Redio zote zilikuwa zinatangaza Kimbunga Hidaya. Nikajiambia Fuso litakimbia mbele yake.

Jumamosi Hidaya ikafika. Boti walikuwa wameivuta juu kabisa kwenye mikoko, wakaifunga kwa kamba nne, ikapona. Barabara haikupona. Maji yaliikata sehemu kadhaa upande wa Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar kwa siku kadhaa. Ndoo yangu ililala kwenye foleni ya malori upande wa kaskazini, juani, na rezini haipendi jua.

Nikampigia mwenye duka wa Masoko. Nilijiandaa maneno ya kumwomba msamaha na ya kumwomba ndoo kwa pamoja.

Akacheka kwa upole. "Kaka, na yangu iko foleni hiyo hiyo."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Miezi mitatu nilikuwa nimejipiga kwa fimbo moja: ungenunua karibu. Na huyu wa karibu rezini yake inatoka Dar, mati yake Dar, impela yake Gerezani kama yangu, pengine dirisha lile lile. Daraja la Mkapa pale Rufiji tumekuwa nalo tangu 2003 na watu wa kusini wakazoea kuamini kwamba Dar ni pale tu. Barabara ikikatika, mwenye duka wa kilomita 30 na mwenye karakana wa kilomita 300 wako mbali sawasawa.

Karibu nusu ya kile nilichokiita "muuzaji wa karibu" kilikuwa ni kibao cha duka.

Lakini nusu nyingine ilikuwa ule ufunguo wa nyumba.

## Mwenye mnazi alikuwa na spea

Siku zile za kungoja barabara nilifikiria sana mashua ya zamani. Fundi aliyeiunda aliiunda pale pale ufukweni, chini ya mkungu, mita mia mbili kutoka kwa mjomba. Akipita asubuhi kwenda sokoni anaitupia jicho. Akiona mbao imefungua mdomo anasema, "Hiyo ilete Alhamisi." Hakuna aliyewahi kuuliza kama fundi awe karibu, kama vile hakuna anayeuliza kama kisima kiwe karibu. Chombo kiliundwa pale kinapotumika, kwa miti inayopatikana, na mikono iliyokiunda ilizikwa kwenye makaburi yale yale ya waliokitumia.

Ukirudi nyuma zaidi unaukuta mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Mtepe ukilegea unaushona tena. Mwenye mnazi alikuwa na spea.

Sisemi turudi huko. Mbao nzuri imekuwa ghali na adimu, na binamu zangu hawatakumba maji usiku kucha ili mimi nifurahie historia. Nasema tu kwamba faiba ilipokuja ililiweka duka upande mmoja na ufukwe upande mwingine, na katikati pakabaki pengo ambalo sisi hatukuwa na neno lake. Tukaliita nauli.

Fundi yule mzee, wa mashua, ndiye aliyeitengeneza boti mwishowe. Alikuwa amejifunza faiba uzeeni, kwa kulazimika. Alipasua ganda la ndani kwa msumeno mdogo, akachota plaiwudi iliyooza kwa mkono, imelainika kama ugali wa jana. Akakausha pale kwa jiko la mkaa chini ya turubai, siku nne, kwa kuwa masika ilikuwa bado inadondoka na rezini haishiki penye unyevu. Ndoo ilipofika aliifungua, akachovya kijiti, akakiinua. Alitazama jinsi rezini inavyoteremka. "Ikitiririka kama asali tunaitumia. Ikikatika kama uji uliopoa, tunaitupa." Ikatiririka, kwa shida kidogo.

Na jambo lingine aliloliona ambalo hakuna karakana ingeliona. Boti yetu ina tumbo la umbo la V, imechongoka. Inapasua wimbi vizuri. Lakini Kivinje maji yakitoka, chombo kinakaa kwenye tope, mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, bahari inashuka zaidi ya mita 3. Chombo chenye V hakikai, kinalala ubavu, siku zote ubavu ule ule, na mashine ya kilo 70 hivi inaning'inia upande mmoja wa ubao. Alitengeneza magongo mawili ya kuiegemeza. Mikoko, gharama yake ilikuwa kahawa.

Giza la Mei lote lilikwenda, na sehemu ya Juni. Ile milioni moja na laki mbili ilikuwa imeshaliwa, na mifupa yake pia.

## Maneno ya kijana wa karakana

Nimesema nitayarudia.

Siku ile ya kukabidhiwa, kijana aligonga ubao wa nyuma kwa kiganja na kuniambia: "Kaka, hapa msitoboe. Mkilazimika kutoboa, mzibe na rezini kwanza. Waambie."

Waambie.

Sikuwaambia. Niliwaambia habari ya oili, kwa sababu niliiandika. Niliwaambia habari ya kizibo. Hilo la ubao lilipita kwenye sikio langu kama tangazo la basi, maana mimi sina drili, sina mnyororo, sijui kama mashine huibiwa. Angeambiwa binamu yangu, angeuliza hapo hapo, "Sasa tutaifungaje?" na kijana angemwonyesha. Swali lilikuwa Kivinje, jibu lilikuwa Dar, na katikati nimesimama mimi napiga picha.

Hilo ndilo lililonifanya nisimjibu mjomba wiki tano hizi. Nilikuwa natafuta jibu la karibu na mbali, na kila nikilikaribia naikuta sura yangu.

Maana nikiwa mkweli, muuzaji wa Dar alifanya kazi yake. Wa Masoko naye, kama tungenunua kwake, huenda angesahau kulisema pia. Wauzaji wa karibu wana usahaulifu wao, na wana ubaya wao mwingine, kwamba ukigombana naye leo kesho mnakutana msibani, kwa hiyo unameza mambo ambayo kwa mtu wa mbali ungeyasema. Ninamjua mtu aliyekubali boti mbovu kwa sababu aliyemuuzia ni shemeji wa imamu.

Lakini wa Masoko angekuwepo siku ya kushusha boti majini. Si kwa wema. Ni kwa sababu ni kilomita 30, na kutakuwa na pilau. Angesimama pale na kikombe chake, na binamu yangu angetoka na drili, na mtu mzima angepiga kelele, "We! Unafanya nini hapo?"

Pilau ingekuwa na thamani ya milioni moja na laki mbili.

Vijana wananiambia maneno haya yatapitwa. Kuna bandari ya uvuvi ya Masoko, jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2023, na wanasema kwa sababu yake mafundi na spea vitafuata vyenyewe. Huenda. Spea zitafuata, hilo naliamini, spea hufuata hela. Mtu wa kuja kugonga ubao kwa ufunguo kabla hujamlipa, huyo sijui anafuata nini.

## Jana usiku

Jana baada ya isha nilimpigia.

Sikuanza na ndugu yetu wa Somanga. Nilianza na kijana wa karakana, kiganja kwenye ubao, "waambie," na picha za stetasi. Nilisema yote bila kupumzika, kama mtu anayemeza shubiri. Nilipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Mjomba?"

"Nipo." Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko cha puani. "Na aliyetoboa naye hajaniambia mpaka leo. Anasema aliyakuta matundu."

"Sasa wa Somanga nimwambieje?"

"Huyo nimeshamjibu. Nimemwambia ahesabu mashine za ufukweni kwao kwanza, achukue kama zile. Halafu anunue anakotaka, ila siku ya kushusha fundi wao awepo, hata kama ni kumlipia nauli na kumlaza. Wa Dar wamekubali, wanakuja Jumanne."

Wiki tano.

"Na ukituma kopo lingine," akaendelea, "weka impela tatu, za 40. Moja yetu, mbili za yule wa Masoko. Siku hizi naye anauza mashine hizo, na spea zimemwishia."